Hakuna aliyekaa juu ya kamati

Nimeletewa tena tafsiri ya kuhariri, na humo ndani "sitting MP" ya Kiingereza imekuwa "mbunge anayekaa". Anakaa wapi, na kodi anamlipa nani? Ukiuliza unajibiwa kwamba "sit" ni neno la darasa la kwanza. Balaa liko hapo hapo: neno gumu utalitafuta kwenye kamusi, hili unalipita mbio.

Huyo ni mbunge aliye madarakani, basi. Kuku aki-"sit", anaatamia. Bunge likisemwa kwa Kiingereza kwamba lina-"sit", liko kwenye kikao, hata kama waheshimiwa wote wamesimama kwa dua. Sinn Féin, chama cha Ireland, walishinda viti 7 katika uchaguzi wa Uingereza wa 2024, ila wabunge wao hawali kiapo cha utii kwa mfalme wala hawaingii vikaoni London. Ukiandika kwamba "hawaketi", msomaji atadhani viti havikutosha.

Kinachonipandisha presha ni "sit on". Kwenye kamati, maana yake mtu ni mjumbe. Kwenye ripoti, ameikalia, na Kiswahili hapo hakihitaji msaada wa mtu: bosi kakalia faili, baba mdogo kakalia mirathi ya yatima, jeshi linakalia nchi ya watu. "Kalia" ya namna hii inanuka dhuluma. Kitu kimebanwa, mwenyewe hakipati.

Sasa nisomee hii, inayorudi Kenya kila msimu wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari: "Watahiniwa wamekalia mtihani." Wameuficha? Wanaubana usitoke? Kiingereza chenyewe hakina hiyo "on" kwenye mtihani, na Wamarekani wengi wala hawatumii "sit" hapo. Sisi tuna kufanya mtihani, tangu na tangu. Nani alilalamika?

Lakini mwalimu anasema hivyo, mzazi anasema hivyo, gazeti linachapa hivyo, na hakuna anayekosa kuelewa. Pengine hicho ni Kiswahili tayari na mimi ndiye niliyebaki nyuma. Kuna siku naamini hivyo kabisa. Hata hivyo nikikutana nayo kwenye kazi yangu naifuta.

Koti nalo Kiingereza husema lina-"sit" vizuri mabegani. Limemkaa. Hapo lugha mbili zimekutana zenyewe bila kuitwa, tafsiri neno kwa neno uende zako ukale.