Je, wajua kwa nini Farao Senusret III alichongwa akiwa na uso uliochoka?

Aliyezoea sanamu za mafarao hutarajia uso laini usio na umri, kama ule wa Khafre, mwenye piramidi ya pili ya Giza, aliyeketi kwa utulivu huku mungu Horus, kwa umbo la kipanga, akimkumbatia kisogo kwa mbawa zake. Senusret III, aliyetawala Misri katika karne ya 19 KK, anashangaza. Katika sanamu zake za jiwe la granodioriti zilizofukuliwa Deir el-Bahari, ng'ambo ya Luxor, kope zimelemea macho, vifuko vimetuna chini yake, mikunjo imeshuka kutoka puani na pembe za mdomo zimeinama. Masikio nayo ni makubwa mno, yamechomoza kama ya mtu anayetegea jambo.

Ni rahisi kudhani kwamba fundi alimchonga mfalme jinsi alivyokuwa. Lakini ukiteremsha macho utakuta kifua kipana na kiuno chembamba cha kijana ambaye hajaonja uzee, na sidhani kama mchongaji mkweli angeukunja uso akauacha mwili. Isitoshe, jiwe hilo liliishinda patasi ya shaba, hivyo mafundi waliliponda kwa mawe magumu na kulisugua kwa mchanga siku nyingi; kila kunyanzi lilikusudiwa.

Ndiyo maana wataalamu wengi huusoma uso huo kama tangazo la utawala: mfalme halali usingizi, anabeba mzigo wa nchi, na nguvu zake hazijapungua. Masikio yanaeleza kwamba hakuna neno linalompita. Katika Kimisri cha kale, kitenzi sedjem kilibeba kusikia na kutii kwa pamoja, kama nasi tusemavyo kwamba mtoto fulani hasikii, kwa hiyo sikio halikuwa pambo tu la kichwa.

Senusret mwenyewe alijua kazi ya sanamu. Kwenye ngome ya Semna, mpakani na Nubia, katika Sudan ya leo, alisimamisha jiwe la maandishi katika mwaka wa 16 wa utawala wake, akatamka kwamba mwana atakayeulinda mpaka huo ndiye mwanawe wa kweli, na atakayeupoteza si mwanawe kamwe. Kisha akaongeza kwamba ameweka hapo sanamu yake, ili watu wake wasimame imara na kuupigania.