Je, wajua kwa nini Haines na Skagway ziko umbali wa kilomita 25, lakini gari husafiri kilomita 570?

Haines na Skagway ni miji midogo ya kusini-mashariki mwa Alaska, ambayo wakazi wake wote kwa pamoja hawafiki elfu tano. Kwa mstari ulionyooka, umbali kati yake ni takriban kilomita 25, na feri huumaliza kwa muda wa saa moja hivi. Asiyetaka feri huendesha gari yapata kilomita 570, akiingia Kanada na kutoka tena, ili afike mji wa jirani katika jimbo lilelile.

Nilipoiona tarakimu hiyo mara ya kwanza, nilidhani ramani imekosea. Niliposadiki, lawama nikaibebesha mipaka: niliamini kwamba ipo njia ya mkato na kwamba siasa ndiyo iliyoifunga. Dhana hiyo nayo ilikuwa potofu, kwani miji yote miwili imo Marekani, na njia fupi, kama ingekuwepo, isingegusa Kanada hata kidogo. Mpaka ungefutwa leo, dereva angepunguziwa ukaguzi wa pasipoti mara mbili, lakini kilomita zingebaki zilezile.

Kizuizi chenyewe ni kazi ya barafu. Mto huchimba bonde kama kisu kinavyokata, ukiacha kingo zinazolala na kupandika. Mto wa barafu hufanya kazi ya tezo la fundi mtumbwi: hukomba kitako na mbavu kwa pamoja, hadi gogo likabaki na kuta zinazokaribia kusimama wima. Sasa utie mtumbwi huo maji hadi nusu, kisha umweke sisimizi ubavuni, juu kidogo ya maji, na umwambie atembee kuelekea omo. Hana pa kukanyaga, kwa sababu ukuta unaoteremka kutoka juu unaendelea kuteremka chini ya maji. Ndivyo lilivyo hori la Lynn Canal, mkono wa bahari ambao miji hii imo kwenye ncha yake ya kaskazini, na ambalo kina chake hupita mita 600 mahali pengine, na ambalo, licha ya jina lake, si mfereji uliochimbwa na mtu.

Sisemi kwamba miamba hiyo haichongeki. Kati ya 1898 na 1900 ilichongwa ili kupitisha reli kutoka Skagway hadi Whitehorse, mji wa Kanada, kwa kuwa upande wa pili kulikuwa na dhahabu ya eneo la Klondike. Barabara nazo zilifuata mkondo huohuo wa kwenda bara: ya Haines ilijengwa mwaka 1943, wakati wa vita, na ya Skagway ilikamilika mwishoni mwa miaka ya 1970. Kila moja inapanda bonde lake kuelekea Yukon, eneo la Kanada, na ile ya Haines inafuata pito ambalo Watlingit, wenyeji wa asili wa pwani hiyo, walikuwa wakilitumia kwa biashara muda mrefu kabla ya lami. Hakuna iliyokusudiwa kuiunganisha miji hii. Kuungana kwake huko mbali, kwa kupitia Haines Junction na Whitehorse, ni kama vidole viwili ambavyo ncha zake zinakaribiana, lakini sisimizi asiyeweza kuruka hulazimika kurudi hadi kiganjani.

Jimbo la Alaska limelimaliza tatizo hilo kwa namna yake: njia ya feri zake inahesabiwa rasmi kuwa barabara kuu.