Kampuni za kimataifa na serikali za kipopulisti: bima hulipa nini, na nini haigusi

Siku hizi tunapokea malalamiko mengi kutoka kwa wanahisa wadogo, wazabuni na wafanyakazi wa kampuni za kimataifa. Wanauliza swali moja: serikali imegeuza masharti, kampuni imepata hasara, mbona bima ya hatari za kisiasa haijalipa? Makala haya ni ya elimu tu. Si ushauri wa kisheria, wala hayagusi shauri lolote linaloendelea.

Wengi bado wanaamini kuwa hatari ya kisiasa maana yake ni askari kufika getini. Hilo hutokea. Mei 1, 2006, Rais Evo Morales wa Bolivia alipotangaza kutaifisha gesi, wanajeshi walipelekwa visimani siku hiyo hiyo. Lakini serikali ya kipopulisti, yaani iliyochaguliwa kwa ahadi ya kuwarudishia wananchi kilichochukuliwa na wageni na vigogo, haina haja ya kufika huko. Itapandisha tozo, itakalia leseni, itazuia bidhaa kusafirishwa au gawio kupelekwa nje ya nchi. Kila hatua, ukiitazama peke yake, inaweza kuwa halali kabisa.

Chukua mfano wa Acacia, kampuni ya kuchimba dhahabu nchini Tanzania. Machi 2017 serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia, yaani mchanga wenye madini. Julai mwaka huo mamlaka ya kodi ilidai takribani dola bilioni 190, pamoja na faini na riba, kiasi kilichozidi pato la taifa la mwaka mara kadhaa. Kampuni ilifungua usuluhishi wa kimataifa, lakini si hukumu iliyomaliza mgogoro. Ulimalizwa na mazungumzo yaliyoongozwa na Barrick, mwenye hisa nyingi: malipo ya dola milioni 300 na asilimia 16 ya umiliki wa migodi kwa serikali. Makubaliano yalipotangazwa Oktoba 2019, wanahisa wadogo wa Acacia walikuwa wameshanunuliwa hisa zao mwezi mmoja kabla.

Tunasisitiza, maana tumelieleza hili mara nyingi: kodi kubwa peke yake si utaifishaji. Wala upopulisti si wa mrengo wa kushoto pekee. Mwaka 2010 Hungary, chini ya Viktor Orbán, iliweka kodi maalumu kwa benki, simu, nishati na maduka makubwa, na mzigo mkubwa uliwaangukia wageni. Kesi za Vodafone na Tesco zilifika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na Machi 2020 ikaamua kuwa kodi za namna hiyo, zinazopanda kadiri mauzo yanavyopanda, hazikiuki uhuru wa kuanzisha biashara. Kuumia ni jambo moja, kudhulumiwa kisheria ni jingine. Kwa hatua za serikali kama hizi, bima hulipa la pili tu.

Sasa utaratibu, ambako madai mengi hufia. Bima ya hatari za kisiasa, kama ile ya MIGA iliyo chini ya Kundi la Benki ya Dunia, hugusa mambo yaliyotajwa kwenye mkataba: utaifishaji, kuzuiwa kuhamisha fedha, vita na vurugu, na serikali kuvunja mkataba. Aghalabu huombwa kabla mtaji haujaingia. Anayekuja kuomba baada ya hotuba ya kwanza ya kampeni kwa kawaida atakuta bei imepanda au mlango umefungwa. Sehemu ya hasara hubaki kwa mwekezaji mwenyewe. Akishaona dalili, lazima atoe taarifa kwa maandishi ndani ya muda wa mkataba, atunze kila barua, na asisamehe deni wala kusaini makubaliano mapya na serikali bila idhini ya mtoa bima. Akisaini, anaweza kupoteza haki yote.

Rushwa huua dai lote. Katika shauri la World Duty Free dhidi ya Kenya, lililoamuliwa mwaka 2006 chini ya ICSID, kituo cha Kundi la Benki ya Dunia cha kusuluhisha migogoro ya wawekezaji na serikali, mdai alieleza mwenyewe kuwa alitoa dola milioni 2 kwa rais wa wakati ule ili apate mkataba. Dai lake likatupwa, bila kujali malalamiko mengine aliyokuwa nayo.

ICSID nayo si mahakama ya rufaa ya dunia. Inahitaji ridhaa ya maandishi ya pande zote mbili, na mikataba mingi ya uwekezaji hutaka kwanza miezi kadhaa ya mazungumzo. Baada ya tuzo, yaani uamuzi wa jopo la wasuluhishi, upande ulioshindwa una siku 120 kuomba ibatilishwe, kwa sababu tano tu zilizotajwa na Mkataba wa ICSID. Nchi inaweza pia kujitoa kwenye Mkataba huo, kama Bolivia mwaka 2007, Ecuador 2009 na Venezuela 2012. Kujitoa huanza kufanya kazi miezi sita baada ya taarifa kupokelewa, na hakufuti wajibu uliotokana na ridhaa iliyokwisha kutolewa.

Ndiyo maana ConocoPhillips, kampuni ya mafuta ya Marekani iliyopoteza miradi yake ya mafuta Venezuela mwaka 2007, iliendelea na shauri hata baada ya nchi hiyo kujitoa. Mwaka 2019 jopo liliamuru ilipwe takribani dola bilioni 8.7. Kushinda tuzo, hata hivyo, si kupokea fedha. Mkataba wa ICSID hauondoi kinga ya mali za serikali dhidi ya kukamatwa, kwa hiyo kampuni ililazimika kwenda mahakama za Marekani kuwania thamani ya hisa za kampuni mama ya Citgo, tawi la Marekani la shirika la mafuta la Venezuela, ikiwa kwenye foleni pamoja na wadai wengine.