Kodi ya jina: shilingi 1,000 kwa mwaka ni ya nini?

Tuseme kikundi cha akina mama wa Nkuhungu, hapa Dodoma, wamepewa kiwanja cha kanisa kilichokaa wazi ili walime mchicha na matembele. Mkataba unasema: miaka mitano, kodi shilingi 1,000 kwa mwaka. Lazima mtu ataguna. Si afadhali wangeachiwa bure?

Hiyo inaitwa kodi ya jina: kodi isiyolingana hata kidogo na thamani ya ardhi, inayotozwa ili upangaji uwe upangaji kweli. Anayejua kishika uchumba ataelewa upesi. Fedha ile si mahari, wala hakuna anayeihesabu kama bei, ila ikishapokelewa kuna jambo kati ya familia mbili. Waingereza hadi leo huiita kodi ya punje ya pilipili manga.

Sheria yetu ya Mikataba inasema makubaliano yasiyo na malipo ya upande wa pili, kwa kawaida, ni batili. Lakini malipo kuwa madogo hakuharibu mkataba. Ndiyo maana elfu moja inafanya kazi ambayo bure haiwezi. Nawasihi wanakikundi wadai stakabadhi kila mwaka, hata kama mhasibu wa kanisa ataona wanamsumbua. Siku uongozi ukibadilika, asiye na karatasi ataambiwa, "Tuliwaazima tu."

Pamoja na hayo, udogo wa kodi haumlindi mpangaji. Jijini New York, mwaka 1974, wakazi walikodishiwa na jiji kiwanja kilichokuwa jalala, kwenye kona ya barabara za Bowery na Houston, kwa dola 1 kwa mwezi. Bustani yao ipo hadi leo. Lakini mwaka 1999 jiji hilohilo lilitaka kunadi bustani za jamii zaidi ya 100, na zikaokolewa na mashirika yaliyozinunua.

Kwa hiyo ukisoma mkataba wa namna hii, pita haraka kwenye kodi, kaa kwenye muda na notisi. Dodoma mvua ni ya miezi michache tu, Desemba hadi Aprili. Msimu wa kwanza unaishia kuzoa mawe, kumwaga samadi na kutafuta maji. Faida inaanza kuonekana baadaye. Mkataba wa mwaka mmoja kwa ardhi kama hiyo mimi ningeukataa, hata kodi ingekuwa shilingi 100. Notisi nayo isiwe fupi kuliko muda wa kuvuna kilichopo shambani.

Tena kuna kodi nyingine, ya pango la ardhi, ambayo mwenye hati huilipa serikalini kila mwaka. Hiyo haimo ndani ya elfu moja. Mkataba utaje nani anailipa, na bili ya maji ni ya nani, kabla jembe la kwanza halijagusa udongo.