Uangalizi makini ni nini? Tope, diko na magofu ya Bagamoyo

Uangalizi makini ni kutazama kitu ukiwa na swali uliloliandaa, kwa muda uliopanga, na kuandika ulichokiona kabla hujakipa maana. Mwenye macho yeyote hutazama. Anayefanya uangalizi makini anaondoka na maandishi ambayo mtu mwingine anaweza kuyachukua, akasimama palepale, akahesabu upya, kisha akakubali au akapinga.

Uzito wote uko kwenye hiyo "kabla". Chukua diko la samaki la Bagamoyo, yaani pale wavuvi wanapoteremsha na kuuza samaki, asubuhi, kunguru ametua nyuma ya tenga. Mtu ataandika: "Kunguru mwizi anamvizia muuzaji." Ni maneno manne, na mawili kati yake ni hukumu. Kilichoonekana hasa ni hiki: "Kunguru mmoja, shingo ya kijivu, ametua hatua tatu nyuma ya tenga. Amerukaruka mara nne kulisogelea. Muuzaji amegeuka, kunguru amerudi nyuma. Muuzaji ameinama kupokea pesa, kunguru amenyakua utumbo na kuruka nao." Huenda kweli alikuwa anavizia. Ukitaka kujua, hesabu ni mara ngapi anasogea muuzaji akiwa amempa mgongo, na mara ngapi akiwa anatazamwa. Jibu litatoka kwenye hesabu hiyo, wala halitatoka kwenye neno "mwizi". Shingo ya kijivu nayo haikuandikwa kwa mapambo. Ndiyo inayomtenga kunguru wa India, aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, na kunguru mwenye kifua na shingo nyeupe. Ukiandika "kunguru" tu, umewachanganya ndege wawili.

Kwa hiyo daftari hugawanywa kwa mstari wa kusimama: kushoto nilichoona, kulia ninachodhani. Juu ya kila ukurasa weka tarehe, mahali, saa ya kuanza na ya kumaliza, upepo (kusi au kaskazi, mkali au mtulivu) na hali ya maji. Tumia penseli, maana tone la maji ya chumvi linaweza kuufanya wino wa baadhi ya kalamu utambae. Andika palepale. Anayeahirisha mpaka baada ya chakula cha usiku huandika hadithi nzuri yenye mtiririko, na huo mtiririko ndio unaotia shaka, kwa sababu mambo ya ufukweni hayaendi kwa mtiririko. Na sifuri iandikwe pia: "dakika 10, hakuna aliyetoka" ni taarifa kamili.

Pa kujizoeza ni tope la mikoko upande wa Kaole, kijiji cha magofu karibu na Bagamoyo, maji yakiwa yamepwa. Pana kaa wadogo wanaoishi kwenye vishimo. Dume ana gando moja kubwa na jingine dogo, jike ana madogo yote mawili. Ukifika tu, wote wanazama, nawe unabaki na tope tupu. Anayeandika "kaa ni wachache" wakati huo ameandika habari za miguu yake mwenyewe. Keti, kivuli chako kisiangukie eneo unalolitazama, subiri dakika 15 bila kutikisa mikono. Watatoka mmoja mmoja, na wataanza kuokota tope kwa gando dogo na kulipeleka mdomoni. Jike hutumia yote mawili. Baada ya muda tope limejaa vidonge vidogo walivyotema.

Sasa njia ni mbili, na kila moja ina swali lake. Ukitaka kujua kaa kwa jumla wanautumiaje muda wao, zungushia vijiti vinne eneo dogo, kisha kila baada ya dakika 5 pitisha macho kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa kila kaa andika anachofanya pale pale jicho linapomgusa: anakula, anapunga gando, anachimba, anapigana, ametulia. Usimsubiri afanye jambo la maana. Ukitaka kujua ugomvi huanzaje na kuishaje, mchague mmoja, mfuate kwa dakika 10, uandike kila kitendo na sekunde zake. Mbinu hizi zilipangwa vizuri mwaka 1974 na Jeanne Altmann, mtafiti wa nyani wa Amboseli, Kenya, na sababu yake ni ya kawaida kabisa: jicho hupenda vurugu. Madume wawili wakikamatana magando kwa nusu dakika, wanajaza ukurasa. Ishirini waliokula saa nzima wanapata mstari mmoja. Msomaji wa daftari hilo ataamini kaa wanaishi kwa kupigana. Hata yule mmoja wa kumfuata asichaguliwe kwa uzuri wa gando. Sema mapema: "aliye karibu zaidi na kijiti cha pili", na uwe naye hata akiketi tu kama jiwe.

Kuhesabu kunahitaji fremu. Funga vipande vinne vya mti au bomba la plastiki, kila upande nusu mita, upate robo ya mita mraba. Nyoosha kamba kutoka upande wa bahari kwenda nchi kavu, weka fremu kila baada ya mita 5, mara 10. Kosa la wengi ni kuisogeza fremu "kidogo tu" pale inapoangukia patupu. Ukiisogeza, hesabu haina tena kazi. Jingine ni kuhesabu vishimo na kuviita kaa. Vipo vishimo vitupu na vipo vyenye wenyewe, basi andika vishimo kama vishimo.

Kuna mtego ambao wageni wa pwani huuingia mara nyingi, nao ni saa. Siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hapa hupwa sana kwenye saa 4 au saa 5 asubuhi. Kila siku yanachelewa takriban dakika 50. Baada ya siku 7 uchelewaji umefikia karibu muda wa saa sita, yaani saa ile ile uliyokuta tope, sasa unakuta maji yamejaa au yanakaribia kujaa, tena ni siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Anayelinganisha "Jumatatu saa 4" na "Jumatatu ijayo saa 4" hajalinganisha kitu. Andika badala yake: saa moja baada ya maji kupwa. Mvuvi hupanga siku yake hivyo hivyo.

Watu wana ugumu wao. Macho hayana pazia, lakini daftari linaonekana. Piga hodi kwa viongozi wa diko, toa salamu, eleza unatazama nini na kwa nini, na usipige picha ya mtu bila ruhusa yake. Siku mbili tatu za kwanza dalali atanadi kwa mbwembwe zaidi kwa sababu yako. Ziandike, lakini usizitumie kwenye hesabu. Mnadani pima vitu vinavyopimika: bei ya kwanza na ya mwisho, wangapi wamepanda dau, sekunde ngapi, nani ameshika samaki na kumgeuza kuangalia matamvua. Andika "mwanamke, kanga, ndoo mbili", usiandike "mkaanga samaki" mpaka umeuliza. Kuuliza si ujinga, ila liandike jibu lake kando na ulichoona, kwa sababu watu husema wanavyofanya na hufanya vingine.

Mahali nako husomwa hivyo hivyo. Kwenye magofu ya Kaole, kabla ya kusoma kibao, shika ukuta. Mawe yana vitundu na mistari ya nyota ndogo: ni matumbawe, yameshikwa kwa chokaa. Makaburini utakuta mashimo ya mviringo ya kina kifupi, ukubwa wa bakuli. Kushoto andika: "shimo la mviringo, upana shubiri moja, ndani chokaa laini." Kulia: "palipachikwa chombo?" Halafu ndipo usome kibao.