Zege kavu juu, bichi ndani

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Tanga: sakafu ya zege ikiwa kavu mkononi, paka gundi yoyote, bandika mbao. Si kweli. Zege hukauka kuanzia juu. Unyevu wa ndani hupanda taratibu, gundi ikaachia, mbao zikavimba na kubinuka.

Kinachochanganya watu ni gundi nyeupe ya seremala. Mbao kwa mbao hushika kweli, basi wanadhani na zege ni hivyohivyo.

Pima hivi: tandaza nailoni angavu, nusu mita kwa nusu mita, ziba kingo zote kwa selotepu, uache saa 24. Ukikuta matone chini yake, au zege limekoza rangi, subiri. Hata pakiwa pakavu, fundi mwenye kipimo cha unyevu athibitishe kwanza.

Ujumbe huo ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze.