Bunduki kama Suala la Afya: Maswali na Majibu kuhusu Kesi, Sheria na Juhudi za Jamii nchini Marekani

Bunduki ni kazi ya polisi na mahakama. Wataalamu wa afya wanaingiaje hapo?

Wanaingia kwa sababu majeruhi huishia mikononi mwao, na maiti pia. Mwaka 2022 watu 48,204 walikufa kwa risasi nchini Marekani, yaani wastani wa watu 132 kila siku. Tangu mwaka 2020 silaha za moto zimekuwa chanzo kikuu cha vifo vya watoto na vijana wa nchi hiyo wenye umri wa mwaka 1 hadi 19, zikizipita ajali za barabarani ambazo zilishika nafasi hiyo kwa miongo mingi. Ndiyo maana mwezi Juni 2024 Mganga Mkuu wa Serikali wa wakati huo, Dkt. Vivek Murthy, alitoa waraka rasmi uliolitaja jambo hili kuwa janga la afya ya umma.

Ipo sababu nyingine, nami naiona kuwa nzito zaidi. Polisi huitwa risasi ikiwa imekwisha kutoka, ilhali mtaalamu wa afya ya umma huanza nyuma zaidi: silaha ile ilitengenezwa na nani, ikauzwa vipi, ikahifadhiwa wapi, na ilifikaje kwenye mkono ulioifyatua katika saa ile? Vifo vya barabarani havikupungua kwa kuwasihi madereva peke yake. Magari yalibadilishwa, mikanda ikalazimishwa, ulevi ukapigwa marufuku usukanini, na watengenezaji wakashtakiwa pale magari yao yalipokuwa na kasoro. Bunduki zinahitaji uchunguzi wa namna hiyo hiyo.

Je, wengi wa wanaokufa huuawa na wahalifu?

Hapana, na hili ndilo watu wengi hawalijui. Zaidi ya nusu ya vifo vyote vya risasi Marekani ni vya watu waliojiua. Mwaka 2022 walikuwa takriban 27,000. Anayejaribu kujiua kwa bunduki hufa karibu mara tisa katika kila kumi, wakati wengi mno wa wanaomeza vidonge kupita kiasi huokolewa. Na takriban watu tisa kati ya kumi walionusurika katika jaribio la kujiua hawafi baadaye kwa kujiua. Maana yake ni kwamba kwa wengi hamu ya kufa ni wimbi: hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka.

Mtazame mtu aliyeamka saa nane za usiku, amepoteza kazi au ndoa, na kwenye droo ya kando ya kitanda kuna bastola iliyokwisha kujazwa risasi. Kati yake na kifo kuna urefu wa mkono tu. Sasa iweke bastola hiyo hiyo ndani ya sanduku la chuma lililofungwa, risasi zikae chumba kingine, ufunguo uwe kwa ndugu yake anayeishi mtaa wa pili. Huzuni yake haijapungua hata kidogo, lakini amepata saa moja au mbili, na mara nyingi saa hizo zinatosha kumfikisha asubuhi. Kesi, sheria na kazi za jamii nitakazozieleza hapa zinakutana katika jambo hilo moja, la kuongeza muda na umbali kati ya mkono na silaha.

Ukimwona mtu wa karibu yuko katika hali hiyo, muulize waziwazi kama anawaza kujiua, kwa kuwa swali hilo halimpandikizii wazo asilokuwa nalo. Nchini Marekani namba ya simu 988 hupokewa saa zote, mchana na usiku.

Kesi za madai zinaweza kuzuia kifo kweli, au ni kutafuta fidia tu?

Fidia ni sehemu yake, lakini kesi hufanya mambo mawili ambayo hotuba haziwezi. Kwanza, hulazimisha nyaraka za ndani kutolewa, na umma ukaona namna biashara inavyoendeshwa. Pili, hufanya uzembe uwe na gharama, na mfanyabiashara ambaye dhamiri haikumgusa huguswa na hesabu.

Mfano mzuri ni wa duka moja la bunduki karibu na Milwaukee, Wisconsin. Mwaka 2009 kijana wa miaka 18, ambaye sheria haikumruhusu kununua bastola dukani, alikwenda na mwenzake wa miaka 21 ili amnunulie. Kwenye fomu ya serikali kuna swali linalomtaka mtu athibitishe kwamba yeye ndiye mnunuzi halisi; yule mwenzake akaweka alama kwenye “hapana”. Jibu lilikuwa limeandikwa pale, kwa wino, mbele ya muuzaji. Muuzaji akamsaidia kulirekebisha, na bastola ikatoka. Mwezi mmoja hivi baadaye ilitumika kuwapiga risasi maofisa wawili wa polisi, ambao walinusurika wakiwa na majeraha mabaya. Mwaka 2015 baraza la wazee wa mahakama liliona duka lilizembea na likaamuru walipwe karibu dola milioni 6.

Kesi za aina hiyo ni chache, na hazikuwa chache kwa bahati mbaya. Mwaka 2004 familia za waliouawa na wadunguaji wa eneo la Washington zililipwa dola milioni 2.5 na duka lililoipoteza bunduki iliyotumika pamoja na kampuni iliyoitengeneza. Mwaka uliofuata Bunge la Congress lilipitisha sheria inayojulikana kwa kifupi PLCAA, inayowakinga watengenezaji na wauzaji dhidi ya kesi nyingi zinazotokana na uhalifu wa watu wengine. Wazazi wa binti aliyeuawa katika ukumbi wa sinema huko Aurora, Colorado, mwaka 2012 waliwashtaki waliomuuzia muuaji risasi kwa njia ya mtandao. Walishindwa, na juu ya msiba wao wakaamriwa kulipa gharama za mawakili wa upande wa pili, zaidi ya dola 200,000. Siwezi kuliandika hilo bila uchungu.

Hata hivyo kinga hiyo ina mianya. Haimlindi anayempa silaha mtu ambaye dalili zinaonyesha wazi kuwa ni hatari, wala anayevunja kwa makusudi sheria inayohusu uuzaji au utangazaji wa bunduki. Kupitia mwanya huo wa pili, familia tisa za waathirika wa shule ya Sandy Hook, ambako watoto 20 na watu wazima sita waliuawa mwezi Desemba 2012, ziliishtaki kampuni ya Remington, mtengenezaji wa bunduki iliyotumika. Hoja yao ilihusu matangazo, likiwamo moja lililomwahidi mwanamume kwamba akiwa na bunduki hiyo atarudishiwa kitambulisho cha uanaume wake. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Connecticut iliiruhusu kesi iendelee, na mwezi Februari 2022 kampuni za bima za Remington zilikubali kulipa dola milioni 73.

Tangu mwaka 2021, New York na majimbo mengine yametunga sheria zinazoruhusu kampuni za bunduki kushtakiwa kwa kusababisha kero na hatari kwa umma. Lakini asidhani mtu kwamba mlango uko wazi: mwezi Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitupilia mbali, kwa kauli moja, kesi ya serikali ya Mexico dhidi ya watengenezaji wa Marekani.

Ni sheria zipi zenye ushahidi kwamba zinaokoa maisha?

Ya kwanza ningeitaja ya kibali cha kununua, ambapo mnunuzi huomba idhini kwa mamlaka, huchunguzwa na husubiri. Connecticut iliianzisha mwaka 1995, Missouri ikaifuta yake mwaka 2007. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins waliona mauaji ya bunduki yakipungua katika jimbo la kwanza na kuongezeka katika la pili.

Ya pili ni sheria maarufu kama ya “bendera nyekundu”. Polisi, na katika majimbo mengi hata ndugu wa familia, humwomba hakimu aamuru silaha ziondolewe kwa muda kwa mtu aliye katika hatari ya kujidhuru au kudhuru wengine. Connecticut ilitangulia mwaka 1999, na uchunguzi uliofanywa huko ulikadiria kwamba kwa kila amri 10 hadi 20 kulikuwa na mtu mmoja aliyeokolewa asijiue. Florida, jimbo lenye wapenzi wengi wa bunduki, ilipitisha yake mwezi Machi 2018, wiki chache baada ya watu 17 kuuawa katika shule ya Parkland.

Zipo pia sheria za kuhifadhi silaha mbali na watoto. Huko Michigan, wazazi wa kijana aliyewaua wanafunzi wanne mwaka 2021 kwa bastola waliyomnunulia walipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, na mwaka 2024 kila mmoja akahukumiwa kifungo cha miaka 10 hadi 15.

Katika ngazi ya taifa, sheria iliyosainiwa mwezi Juni 2022 baada ya mauaji ya Buffalo na Uvalde iliongeza uchunguzi kwa wanunuzi walio chini ya miaka 21 na kutenga fedha kwa kazi za kuzuia ukatili mitaani.

Je, Katiba ya Marekani, inayolinda haki ya kumiliki silaha, haizuii sheria hizo?

Haizuii zote. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu iliweka kipimo kigumu, kwamba sheria ya bunduki lazima ioane na desturi za kihistoria za nchi hiyo. Lakini mwaka 2024 mahakama hiyo hiyo, kwa kura 8 dhidi ya 1, iliidhinisha sheria inayomnyima silaha mtu aliyewekewa amri ya mahakama kwa sababu ya kutishia mwenzi wake.

Wakazi wa kawaida wana nafasi gani?

Kubwa kuliko wanavyodhani. Dkt. Gary Slutkin, bingwa wa magonjwa ya mlipuko aliyewahi kupambana na kifua kikuu na kipindupindu katika kambi za wakimbizi Somalia, alirudi Chicago akaona kwamba mauaji huenea kama maambukizi: tukio moja huzaa kisasi, kisasi huzaa kingine. Mpango wake, ulioanza kazi mitaani mwaka 2000, uliajiri watu wa mitaa hiyo hiyo, wengine wakiwa wamewahi kufungwa, ili wawe wapatanishi. Mpatanishi hukaa kando ya kitanda cha kijana aliyepigwa risasi, bandeji zikiwa bado mbichi, na kuongea na rafiki zake waliosimama korido kabla hawajaondoka kwenda kulipiza. Daktari hawezi kazi hiyo, na polisi hasikilizwi. Matokeo yametofautiana kati ya mji na mji, na kwa maoni yangu tofauti hiyo inatokana kwa sehemu kubwa na fedha zinazokatika katikati ya kazi. Mwezi Aprili 2025 Wizara ya Sheria ya Marekani ilisitisha ruzuku nyingi za mipango ya aina hiyo.

Zaidi ya mitaani, wananchi wanaweza kufika kwenye vikao vya kamati za bunge la jimbo na kutoa ushahidi. Muuguzi anayeeleza kwa dakika tatu alichokiona wodini usiku husikilizwa. Aliyefiwa na anayefikiria kushtaki amwone wakili mapema, kwa kuwa muda wa kufungua kesi una kikomo, na atunze kila karatasi. Na mzazi, kabla mtoto hajaenda kucheza kwa wenzake, aulize kwa sauti ile ile anayoulizia kama kuna mbwa mkali: “Je, hapo nyumbani kuna bunduki? Imefungiwa, na risasi ziko mbali nayo?” Jibu likiwa la kusitasita, watoto wachezee kwake.